Nyumba ya Mawe Haitaki Saruji

Mfanyakazi wa mjini apatapo nyongeza ya mshahara, jambo la kwanza linalomjia moyoni, baada ya mahitaji ya shule ya watoto, ni nyumba ya kwao. Huikumbuka kuta zake zilivyopauka na mlango ulivyolegea, akaona haya kwamba yeye amepanga chumba chenye taa na sakafu ya kung'aa ilhali wazee wake wanalala katika nyumba ile. Basi hununua mifuko ya saruji, akaipakia, akaipeleka. Nami nilifanya hivyo hivyo. Leo, ndugu msomaji, nataka kukueleza jinsi saruji niliyoipeleka kwa mapenzi ilivyokaribia kumwumiza vibaya shangazi yangu, na jinsi tulivyoitengeneza nyumba ile mara ya pili, na kuiongeza, kwa vitu ambavyo vingi vyao vilikuwa karibu nayo siku zote.

Nyumba yenyewe iko kusini mwa Unguja, katika kijiji kimoja jirani na Makunduchi. Huko ardhi ni mawe matupu. Udongo ni haba, umejificha katika mashimo ya matumbawe ya kale, na mtu atakaye kupanda muhogo huupanda baina ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo wazee wa huko hawakuwa na taabu ya kuchagua kitu cha kujengea. Babu yangu alikuwa mvuvi, na msimu wa karafuu ulipofika alikwenda kuchuma katika mashamba ya watu. Nyumba aliijenga kidogo kidogo, kila msimu ukuta mmoja, na alikwisha kuhamia kabla shangazi hajazaliwa, naye alizaliwa mwaka 1947. Ina vyumba vitatu na ukumbi, baraza ya mbele, na ua wa nyuma uliokuwa na jiko la makuti na choo cha shimo mwisho kabisa wa kiwanja.

Kuta zake ni nene, kiasi cha nusu mita. Zina nyuso mbili za mawe makubwa, na katikati pamejazwa mawe madogo na udongo mwekundu uliochanganywa na chokaa. Vyumba ni vyembamba. Nilipokuwa mtoto nilidhani kwamba babu alikuwa bahili. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba upana wa chumba katika nyumba za mawe za pwani yetu, tangu Lamu hadi Kilwa, uliamuliwa na mkoko. Boriti haichukui uzito vyema ikivuka ukumbi mpana, basi chumba hukomea kwenye mita mbili na nusu au tatu. Sisi pia tuna dari ya boriti juu ya vyumba viwili, ya kuwekea nazi na nyavu, na juu ya dari ndipo lilipokuwa paa la makuti.

Mwaka 2014, nikiwa mwandishi mgeni kazini na nimeshika mshahara wangu wa kwanza wa kudumu, nilinunua mifuko kumi na minne ya saruji. Kaka yangu alileta mabati. Fundi kijana alipiga lipu ya saruji kuta zote za nje, na ndani akapiga vyumba viwili mpaka usawa wa madirisha. Makuti yaliteremshwa, mabati yakapandishwa. Nyumba ikawa ya kijivu, laini, yenye pembe kali kama kiberiti. Majirani walitupongeza. Shangazi alifurahi, au alijifanya kufurahi. Mpaka leo sijapata kumwuliza.

Mwaka wa pili alama ya unyevu ilijitokeza ndani, juu tu ya pale lipu ilipokoma, ikizunguka chumba kizima kama mstari wa maji ya bahari katika ngalawa. Mwaka wa tatu kitu cheupe kama unga kilianza kutoka kutani. Ukikionja, ni chumvi. Ukigonga lipu kwa kidole ilitoa sauti ya kibuyu. Fundi yule yule aliitwa akaziba nyufa kwa saruji zaidi. Katika masika ya mwaka 2021, alfajiri moja shangazi alipokuwa ametoka kutia udhu, kipande cha lipu kikubwa kama mlango wa kabati kilibanduka pamoja na mawe mawili kikaanguka juu ya mto wake.

Tulikutana kijijini siku ya Jumamosi iliyofuata. Kaka, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikuwa amekwisha kufanya hesabu. Shauri lake lilikuwa kubomoa nyumba yote na kusimamisha nyingine ya matofali ya saruji, vyumba vinne na bafu ndani, na shangazi akae kwake mjini mpaka ikamilike. Siwezi kumlaumu, aliyaona mawe yaliyokuwa juu ya kitanda. Nami nilikuwa karibu kukubali. Shangazi alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Wanangu, nyumba hii ilikaa miaka zaidi ya sitini haijamdondokea mtu. Kilichodondoka ni hicho mlichokileta ninyi."

Hapakuwa na jawabu. Alichotutaka ni kwamba kabla ya kubomoa tumwite mzee mmoja wa kijiji cha pili, fundi wa kuta za mawe aliyekwisha kuacha kazi kwa sababu ya magoti. Tulimleta kwa gari.

Mzee hakuzungumza mengi. Alizunguka nyumba akigonga kwa mpini wa mwiko. Kisha aliomba maji katika kata. Kata ya kwanza aliimwagia lipu ya saruji, na maji yakateremka yote mpaka chini. Kata ya pili aliumwagia ukuta wa ghala la uani, ambao haukupata kupigwa saruji, na ukuta ukayanywa maji mbele ya macho yetu. Alimgeukia kaka akasema, "Huu unakunywa, na jua likitoka unayatoa. Ule mmemvika mtu koti la mvua, kisha mkamwambia alime juani. Jasho litoke wapi?"

Maneno ya mzee yule yanaafikiana na yale ambayo wahandisi wa majengo ya kale husema kwa lugha yao. Nyumba za zamani hazikuwekewa kizuizi cha unyevu katika msingi. Maji ya ardhini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Chokaa ina vinyweleo vingi, kwa hiyo unyevu huo hutokea usoni mwa ukuta na kukaushwa na upepo, na ukuta huishi hivyo miaka na miaka, ukilowa na kukauka. Saruji ni ngumu na vinyweleo vyake ni vidogo. Ikifunika ukuta wa namna hii, maji hubaki nyuma yake, hutafuta njia ya juu zaidi, na chumvi iliyomo ndani ya maji hugeuka chembe ngumu zinazotanuka na kusaga chokaa ya kale ikawa vumbi. Tena ukuta wa chokaa hujongea kidogo kidogo kwa joto na baridi. Chokaa hujongea nao, saruji hupasuka. Mvua huingia katika ufa, na ikisha kuingia haina pa kutokea. Yule fundi kijana alipoziba nyufa kwa saruji, alikuwa akifunga mlango mwizi akiwa ndani.

Mzee alituonyesha makosa mengine mawili ambayo hatukuyafikiria kabisa. La kwanza lilikuwa paa. Upenu wa makuti ulikuwa umetoka nje ya ukuta karibu mita nzima, ukiufunika ukuta kama ukingo wa kofia. Mabati yetu, kwa kubana matumizi, yalitoka kiasi cha shibiri moja, hivyo mvua ya masika ilikuwa ikiupiga ukuta moja kwa moja kwa miaka saba. La pili lilikuwa ardhi ya uani. Kwa miaka mingi takataka za kufagia, majivu na udongo vilikuwa vimelundikana nyuma ya nyumba, hata ardhi ya nje ikawa juu kuliko sakafu ya ndani kwa kiasi cha magoti. Ukuta ule ulikuwa umesimama ndani ya udongo mbichi. Kazi ya kwanza tuliyoifanya, basi, haikuhitaji kununua chochote ila chakula cha watu. Vijana wa ukoo walichukua sululu na sepetu wakachimba mpaka wakaufikia usawa wa zamani, wakauteremsha uwanja uelekee mbali na nyumba, na kando ya ukuta wakaacha mfereji wakaujaza kokoto. Ikiwa msomaji hana fedha za kufanya lolote jingine mwaka huu, na afanye hilo.

Sitaki mtu adhani kwamba nasifu mambo ya kale kwa kuwa ni ya kale. Lakini si mbali na kwetu, pale Kizimkazi Dimbani, upo msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani mwaka 1107. Kuta nyingine za msikiti ule zilijengwa upya katika karne ya 18, ila kibla kingali kipo. Kilwa Kisiwani kuna Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya yale yaliyo hatarini mwaka 2004, na baada ya matengenezo yakatolewa humo mwaka 2014. Kote huko ni matumbawe na chokaa. Saruji tunayoijua leo ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824, na huku Bara ilianza kupatikana kwa wingi kiwanda cha Wazo Hill kilipoanza kazi mwaka 1966. Ni kitu kizuri sana kwa daraja na ghorofa. Kosa letu lilikuwa kukivisha kisichokifaa.

Kubandua saruji ni kazi ya subira. Nilichukua likizo yangu ya mwaka, siku 28, mwezi Julai, nikaitumia yote kwa nyundo na patasi pamoja na binamu zangu wawili. Ukipiga kwa hasira, jiwe la babu hutoka pamoja na lipu. Mzee alikaa kwenye kiti chini ya mwembe akitukanya. Mahali pengine ukuta wa ndani ulikuwa umeoza hata mkono uliweza kuchota chokaa kama majivu. Hapo tuliegemeza magogo, tukatoa mawe na kuyapanga upya. Mabati tuliyateremsha, tukayauza yaliyokuwa mazima, na paa la makuti likarudi na upenu wake mpana. Baada ya hapo mzee alitoa amri iliyomchukiza kila mtu, nayo ni kuuacha ukuta uchi, bila lipu, mpaka masika nyingine ipite.

"Mwaka mzima?" kaka aliuliza.

"Ulilowa miaka saba," mzee akamjibu.

Shangazi alihamia katika kile chumba cha tatu ambacho hatukukipiga saruji. Nyumba ilionekana kama mtu aliyechunwa ngozi, na nilijua kijijini watu wanasema kwamba watoto wa mjini wameishiwa na fedha. Ila kila nilipokwenda niliweka kiganja changu ukutani, na kila mara niliuona umekauka zaidi kuliko mara iliyopita.

Muda huo tuliutumia kutafuta chokaa. Zamani babu aliichoma mwenyewe. Magogo yalipangwa kwa duara kama miti ya gurudumu, tundu likiachwa katikati, na juu yake yakarundikwa matumbawe. Moto ulitiwa katikati ukawaka usiku kucha na zaidi. Katika joto la nyuzi kama 900 za Selsiasi jiwe hutoa hewa ya ukaa, likabaki chokaa kali. Ikimwagiwa maji huchemka na kupasuka ikawa unga. Hapo ndipo husemwa kuwa chokaa imezimwa. Ikisha kupakwa ukutani huivuta tena ile hewa ya ukaa kutoka angani, na taratibu hurudi kuwa jiwe. Nilipoelezwa mzunguko huo nilistaajabu kwamba babu, ambaye hakupata kukaa darasani, aliufahamu kwa mikono yake.

Hata hivyo sisi hatukuchoma tanuu, na simshauri mtu achome. Tanuu moja hula magogo mengi kuliko yale ambayo msitu wetu wa juu ya mawe unaweza kuyarudisha upesi. Ama matumbawe yaliyo hai baharini, hayo ndiyo nyumba na malisho ya samaki, nayo hukua polepole mno. Watu wa Mafia wanalijua jambo hili vizuri. Matumbawe yao yalichimbwa kwa ajili ya chokaa kwa miaka mingi, na mwaka 1995 sehemu ya bahari yao ikafanywa hifadhi, ya kwanza ya namna hiyo nchini. Mvuvi anayevunja fungu ajenge nyumba atakula nini humo ndani? Tulinunua chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa, ile itokayo Tanga. Si chokaa ya kwetu, nakiri, lakini jiwe lake ni ndugu wa jiwe letu. Tuliiroweka katika mapipa, maji yakiifunika, ikakaa miezi miwili na zaidi hata ikawa laini kama siagi. Unga huo haufai kuchezewa na watoto, na ukiingia jichoni huunguza. Tuliweka ndoo ya maji safi karibu wakati wote, na mchanganyaji alivaa miwani.

Mawe hatukununua. Palikuwa na zizi la mbuzi lililoanguka na ukuta wa shamba ambao haukuwa na kazi tena, na mengine yalitoka humo humo tulimochimba msingi. Mchanga ndio uliotutesa. Mchanga wa kujengea Unguja ni adimu na huchimbwa kwa kibali. Ule wa ufukweni upo tele mbele ya macho, lakini kuuchota ni kuutafuna ufuko wenyewe, tena una chumvi, na chumvi ndiyo adui tuliyekuwa tukimtoa. Tuliagiza mchanga wa halali, magari mawili tu, tukautunza kama sukari.

Juni 2022, mvua ilipokoma na Kusi likaanza kuvuma, kazi ya kuta ilianza. Mzee alipachagua wakati huo kwa makusudi. Chokaa haipendi jua la Kaskazi. Ikikauka haraka hupasuka na kuwa unga. Kwanza ukuta ulinyunyiziwa maji mpaka ukashiba. Kisha ikaja kazi ya kutomea, yaani kujaza nafasi baina ya mawe makubwa kwa vijiwe vidogo vilivyogongomelewa katika chokaa. Kutomea ndiko hasa kunakoushika ukuta, na ndiko wanakokuruka mafundi wa siku hizi, maana kunakwenda polepole na hakuonekani kazi ikisha kwisha. Lipu ilipigwa tabaka tatu nyembamba, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, kila tabaka ikingojewa ishike kabla ya nyingine. Mchana tulitundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta ili jua lisiufikie. Wanawake wa ukoo, ambao kwa kawaida fundi huwapa kazi ya kuchota maji tu, ndio walioshika sehemu kubwa ya kutomea, na kazi yao ilikuwa safi kuliko yangu. Shangazi aliyasema hayo kwa sauti.

Boriti nazo zilihitaji kutazamwa. Mzee alizigonga moja moja na kuzichoma kwa ncha ya kisu. Katikati zilikuwa ngumu kama chuma, kwa kuwa moshi wa miaka mingi ulizilinda na wadudu. Vichwa tu, pale vilipoingia katika ukuta uliofungwa na saruji, vilikuwa vimeoza. Sita tulizibadili. Mikoko ya kwetu inalindwa, na ile ya upande wa Ghuba ya Chwaka imo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Jozani iliyotangazwa mwaka 2004, kwa hiyo mtu asiende na shoka usiku. Badala ya mikoko tulitumia miti ya mivinje iliyopandwa, na mbao za mnazi mzee. Kila kichwa kilichoingia ukutani tukakiachia nafasi ya hewa.

Sasa nizungumze juu ya nyongeza, kwani shangazi hakutaka tu kuponyeshewa kuta. Alitaka choo asichokifuata kwa tochi usiku, na jiko lisilovuja, na chumba kimoja cha wajukuu wajao wakati wa Mwaka Kogwa. Desturi ya mafundi ni kung'oa mawe katika ukuta wa zamani ili ule mpya uung'ate. Mzee alikataa. Ukuta mpya hushuka kidogo mwaka wa kwanza, na ukiwa umeung'ata wa zamani huupasua. Tuliusimamisha kando, ukigusana na wa zamani bila kushikamana nao, na katikati tukajaza chokaa laini. Ufa mwembamba ulitokea hapo hapo, tukauziba upya mwaka uliofuata, yakaisha. Msingi ulichimbwa mpaka kwenye mwamba, nao haukuwa mbali. Paa la nyongeza tulilielekeza upande wa nje ili maji yake yasimwagikie nyumba ya babu. Upana wa chumba kipya ni mita mbili na nusu. Kaka alicheka alipokipima, akasema kwamba na sisi tumekuwa mabahili.

Kuhusu jiko palizuka mabishano. Shangazi alitaka moshi ubaki ndani, kwa hoja kwamba moshi ndio unaoyakausha makuti na kuwafukuza wadudu. Mke wangu, aliyeletewa kikohozi na jiko hilo kila tukienda, alitaka dohani. Wote wawili walikuwa na haki. Mwishowe kuta za jiko tuliziishiza chini kidogo ya paa, tukaacha uwazi wa mkono mmoja kuzunguka pande zote, moshi upite katika makuti na kutoka bila kukaa puani mwa mpishi. Mke wangu anasema bado unamwuma macho. Shangazi anasema makuti ya upande wa dirisha yameanza kupata wadudu.

Choo tulikijenga kwa saruji. Sikuapa kuiacha. Sakafu inayomwagiwa maji mchana kutwa, shimo na kifuniko chake vinataka kitu kisichopitisha maji, na hapo saruji haina mpinzani. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, "Hapa leteni ile yenu."

Je, ilikuwa rahisi kwa gharama? Swali hili huulizwa na kila ninayemsimulia. Vifaa vilitugharimu kidogo sana kuliko hesabu ya kaka ya nyumba mpya. Mikono ilikuwa mingi, na mikono hula. Wakati ndio tuliotoa kwa wingi: likizo zangu mbili, na miaka miwili tangu kubandua hadi kuhamia. Tena nyumba hii haitakuacha ukapumzika. Makuti yatataka kubadilishwa baada ya miaka kadhaa, na kuta zitataka kupigwa chokaa ya maji kila mwaka, kama babu alivyofanya kabla ya Ramadhani. Mtu asiyekuwa na jamaa kijijini wa kuishughulikia asidanganywe na makala haya. Na anayeishi Lushoto au Iringa, ambaye nyumba yao ya mawe ilijengwa kwa udongo, atazame kwanza udongo wa hapo hapo kabla ya kuitisha mifuko. Ukuta wa udongo nao huvuta pumzi kama huu wetu.

Vuli ya mwaka 2023 ilikuja na mvua kubwa za El Niño. Nilikuwa kazini, nikapiga simu kila usiku. Shangazi alinieleza kwamba ukuta wa kusini umelowa wote, umegeuka rangi. Nilikosa usingizi. Siku ya nne jua lilitoka, na jioni akaniambia kwamba ukuta umerudi kuwa mweupe, isipokuwa pembe moja iliyo nyuma ya mtungi. Desemba nilipokwenda niliweka kiganja changu hapo pembeni. Palikuwa pakavu.

Ile saruji tuliyoibandua ilikuwa lundo kubwa uani, na kwa muda hatukujua tuitupe wapi. Mzee alituamuru tuivunjevunje tuitandaze chini ya sakafu ya jiko jipya, iwe kifusi, na juu yake tukapigilia chokaa na kokoto kwa vibao siku tatu. Wageni wakija kuitazama nyumba, shangazi huwapeleka jikoni kwanza. Huwaambia kwamba saruji ya mwanawe haikupotea, ipo, yeye huikanyaga kila siku akipika.